Kadi Isiyodai Kitu

Leo twataka kunena nanyi habari ya vitu vilivyo chini ya vitanda vyenu. Ni nyumba chache hapa Bariadi, na Maswa na Itilima na Meatu ni vivyo hivyo, zisizo na kopo au sanduku au kiroba kilichojaa vipande: pindo la kanga iliyochakaa, baki ya kitenge iliyorudi kutoka kwa fundi cherehani, vifungo vya shati lisilovaliwa tena, nyuzi za rangi, kalenda za miaka iliyopita, na nusu ya manila aliyoiacha mtoto alipomaliza shule. Mama wa nyumba akiulizwa, "Hivi ni vya nini?" hujibu, "Vitafaa siku moja." Nasi twajua ya kuwa siku hiyo haiji yenyewe. Mchwa huitangulia.

Basi shauri letu ni hili: vitoeni, mvitengenezee kadi za salamu kwa mikono yenu.

Twajua wengine watashtuka, maana siku hizi neno kadi kwetu lina maana moja tu, yaani mchango. Kadi ikiletwa mlangoni, au picha yake ikiingia katika simu, baba wa nyumba hutazama kwanza jina, kisha siku ya mwisho ya kutoa fedha. Hatuilaumu desturi hiyo, kwa sababu arusi nyingi zisingalifanyika pasipo kusaidiana. Walakini watoto wetu wanakua wakidhani ya kuwa kadi ni hati ya madai. Yuko mzee mmoja kwetu, mgonjwa wa miguu, aliyeletewa kadi na watoto wa jirani, akauliza kabla ya kuifungua, "Wanataka shilingi ngapi?" Hawakutaka kitu. Ndani yalikuwamo majina yao saba, na kuku wake mwekundu wamemkata katika kitenge na kumbandika.

Kadi ya namna hiyo ina historia yake. Mwaka 1843 mjini London, Henry Cole, mtu mwenye shughuli nyingi na barua nyingi za kujibu, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya salamu za Krismasi. Zikapigwa chapa kama 1,000, zikauzwa shilingi moja moja, nayo bei hiyo ilikuwa kubwa kwa maskini. Picha ilionyesha jamaa wakinywa divai, hata mtoto mdogo akinyweshwa, na watu wenye kupinga ulevi wakaichukia. Nasi tungaliichukia pamoja nao. Lakini angalieni: kadi ile ilitengenezwa kwa sababu mtu alikosa nafasi ya kuandika. Ya kwenu iwe kinyume chake, imjulishe aipokeaye ya kuwa mtu aliketi kitako kwa ajili yake.

Tena sisi wa Simiyu, tangu mkoa huu ulipoundwa mwaka 2012 na hata zamani tulipokuwa chini ya Shinyanga (na wenzetu wa Busega chini ya Mwanza), tu watu wa pamba, na pamba ni mama wa karatasi njema. Wachina humsifu Cai Lun, ofisa wa mfalme, kwamba mnamo mwaka 105 alionyesha namna ya kufanya karatasi kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Ulaya nayo ilitumia matambara kwa karne nyingi, hata katika karne ya 19 miti ilipoanza kusagwa kwa wingi. Noti za Marekani mpaka leo ni robo tatu pamba na robo moja kitani.

Asiyesadiki ya kuwa takataka huwa karatasi na atazame Iringa. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianzishwa kazi iitwayo Neema Crafts, ikaanza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi. Na mojawapo ya karatasi zilizoijulisha kazi hiyo ilitokana na mavi ya tembo. Msicheke. Tembo hula majani na magome kwa wingi, na tumbo lake huacha sehemu kubwa bila kusagika, hivyo nyuzi za mimea hutoka zingali nzima. Huoshwa, huchemshwa sana, hupondwa na kutiwa majini, kisha huchotwa kwa wavu mwembamba uliokazwa katika fremu ya mbao, na utando ubakiao juu ya wavu hukaushwa. Sisi tulio karibu na Pori la Akiba la Maswa twamjua tembo kwa hasara za mashamba tu.

Hatusemi kila nyumba ipike karatasi, maana ni kazi ya sufuria kubwa na kuni nyingi. Nyumbani manila yatosha, au gamba la daftari lililokwisha. Gundi nayo haina haja ya kununuliwa. Twaa kijiko kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo, utie katika nusu kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, kisha weka motoni ukizidi kukoroga hata iwe nzito. Ikipoa, paka nyembamba. Kitambaa kipigwe pasi kwanza. Cha nailoni hakishiki vema. Hicho kishonwe kwa sindano, na kifungo kikae katikati kama moyo wa ua. Usiku kadi ilale chini ya vitabu vizito isijikunje. Na mjue ya kuwa gundi hii huchacha upesi, tena mende na panya huipenda, kwa hiyo kadi yake haiwekwi akiba: ikitengenezwa leo, iende juma hili.

Walimu, wazuieni watoto wasijaze. Mtoto akipewa kopo zima hubandika kopo zima. Vipande vitatu vyatosha, nasi kwa macho yetu kimoja ni bora. Jina la kanga kuukuu laweza kukatwa likawa ndilo salamu yenyewe, lakini someni kwanza, maana kanga nyingine zilinunuliwa kwa ajili ya kumsema jirani.

Iko nyumba moja ambayo mama alipofariki watoto walifungua sanduku lake, wakakuta vitenge tisa ambavyo havijashonwa, alivyokuwa akiviweka kwa siku ya heshima. Mchwa walikuwa wamepita katikati ya vyote. Kilichosalia ni mapindo. Binti mkubwa alilia kwa ajili ya vitenge vile kuliko alivyolia makaburini, kisha akachukua mkasi, akakata mapindo, akayabandika kwenye kadi za shukrani kwa wale waliochimba kaburi, waliochota maji, na waliolala msibani siku zile zote. Twamfahamu mmoja wa wachimbaji hao. Kadi yake ameiweka ukutani karibu na picha ya arusi yake, wala hakuwahi kupata kadi nyingine kwa kazi hiyo, naye amechimba makaburi mengi.

Lakini msibani kadi isishike mahali pa miguu. Mtu aende kwanza, akae na wafiwa. Kadi na ifuate baadaye, watu wakiisha kutawanyika na nyumba ikiwa kimya.

Ndani andikeni machache kwa mkono, na jina la kila aliyeshiriki, hata mdogo ajuaye herufi moja tu. Namba ya simu ya kutumia fedha isiandikwe. Kama mwenye kupelekewa yuko Lamadi au Mwanza, mwombeni msafiri wa basi aichukue. Mkiiweka bahasha katikati ya daftari haitapindika njiani.