Video za Muziki na Taswira ya Watu

Video ya muziki ni filamu fupi inayoambatana na wimbo mmoja. Kwa kawaida video hizo hugawanywa katika aina tatu. Ya kwanza huonyesha wasanii wakiimba na kupiga ala. Ya pili husimulia kisa. Ya tatu hupanga picha na rangi zisizofuata kisa chochote. Mara nyingi aina hizi huchanganywa. Katika "Thriller" (1983), iliyoongozwa na John Landis, Michael Jackson ni mwimbaji na pia mhusika wa kisa cha kutisha.

Hata aina ya kwanza, ionekanayo kuwa ya kweli kabisa, hutengenezwa. Aghalabu sauti hurekodiwa kwanza studio, kisha mwimbaji huifuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Kamera ikiwekwa chini, mtu huelekea kuonekana mwenye nguvu. Ikiwekwa juu, huonekana mnyonge. Ikionyesha viungo vya mwanamke bila uso wake, humgeuza pambo.

Uteuzi hauishii kwa mpiga picha; kituo cha televisheni nacho huchagua video za kurusha. MTV, iliyoanza nchini Marekani mwaka 1981, ilionyesha wasanii weusi wachache mno. Mwaka 1983 David Bowie aliihoji juu ya jambo hilo katika mahojiano yake na kituo hicho. Mwaka huohuo "Billie Jean" ya Jackson ilirushwa, ikapendwa sana. Ilidhihirika kwamba watazamaji walikuwapo. Kilichokosekana ni nafasi.

Hivyo, mwanafunzi atazamapo video yampasa aulize: nani ameonyeshwa, kwa namna gani, na nani ameachwa?