Kengele ya Getini Inayopiga Simu

Kwenye mitaa ya majumba ya familia jijini Riyadh, mgeni hupokewa kwanza na ukuta mrefu. Hodi haisikiki ndani. Anabonyeza kitufe kando ya geti, na simu ya mwenye nyumba inaita, hata akiwa Jeddah, umbali wa karibu kilomita 950.

Ndani ya kisanduku chenye kitufe hicho mara nyingi kuna laini ya simu ya mkononi. Fundi huanza kwa namba ya siri ya kiwandani, kwa mfano 1234 au 0000. Ibadilishwe papo hapo, maana imechapishwa kwenye kitabu cha maelekezo. Kisha huingiza namba za kupigiwa kwa zamu: baba asipopokea, inaita kwa mama, halafu kwa dereva. Namba za simu za mkononi za Saudia huanza na 05. Ukitanguliza 966, sifuri hiyo huondolewa. Kusahau kuiondoa ni kosa dogo linaloacha geti bubu.

Aliyepokea akibonyeza tarakimu iliyopangwa, mlio wake hufungua kufuli la umeme kwa sekunde kadhaa. Sekunde 3 hazimtoshi msaidizi wa nyumbani mwenye mifuko ya sokoni mikononi.

Al-Balad, Jeddah ya kale iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, ilishalimaliza suala la kumjua mgeni kabla ya kumfungulia kwa roshani za mbao: aliye ndani humwona anayebisha bila yeye mwenyewe kuonekana.

Kwenye kengele ya simu, dereva au mfanyakazi akiacha kazi, namba yake ifutwe siku hiyo hiyo.