Kiuno Kikiuma, Nani Anakulipa?

Jamani, kiuno ni kile kile, lakini siku za kukosa kazi hazifanani. Karani wa Vuga kikimuuma anaweza kukaa akaandika pole pole. Mchukuzi wa bandarini Malindi au mama anayeinama kufunga mwani kule Paje hawezi, atabaki nyumbani.

Malipo nayo ni tofauti. Mwajiriwa ana likizo ya ugonjwa. Tanzania Bara, sheria ya 2004 inampa siku 126 ndani ya miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Zanzibar tuna sheria yetu ya ajira, ya 2005.

Wewe unayejiuzia mtandaoni huna bosi. Ukilala siku tatu, oda nazo zinalala. Basi:

✅ Simu inyanyue usawa wa macho, shingo isiinamie saa nzima.
✅ Mzigo wa boti ugawe, na ukiunyanyua kunja magoti.
✅ Kila ukiuza tenga kidogo. Hiyo ndiyo likizo yako.
✅ Mfundishe mtu mmoja kujibu wateja.
✅ Maumivu yakishuka mguuni na ganzi, nenda hospitali.

Jee, ukiumwa nani anashika simu yako? Tuambie hapo chini 👇