Jina la Mmea wa Kileleni Hutoka Wapi?

Mwaka 1948 mtaalamu kijana wa mimea kutoka Sweden, Olov Hedberg, alikuja kuchunguza mimea iotayo juu ya misitu kwenye milima yetu mirefu, kuanzia Ruwenzori hadi Kilimanjaro. Huko mchana jua huchoma, usiku maji huganda, na ndivyo ilivyo mwaka mzima.

Mimea ya huko inajua kujihami. Senesio kubwa, ambayo shina lake hupita kimo cha mtu mara kadhaa, haiangushi majani yaliyokufa. Hubaki yamelizunguka shina na kulikinga na baridi. Majani mabichi ya juu hujifunga usiku yakaficha chipukizi. Lobelia keniensis ya Mlima Kenya huweka maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji huganda, chipukizi lililo chini likasalimika.

Ila maajabu hayo hayakuwa sehemu ngumu ya kazi; ngumu ilikuwa majina. Waliomtangulia Hedberg mara nyingi walikusanya mimea ya mlima huu au ule, wakaona tofauti ndogo, wakatoa jina jipya. Yeye alilinganisha vielelezo vikavu vya mimea kutoka milima mbalimbali, na katika kitabu chake cha 1957 majina mengi yakaunganishwa. Baadaye, mwaka 1995, Eric Knox na Jeffrey Palmer walichunguza DNA ya senesio hizo, wakahitimisha kuwa ukoo wao ulianzia Kilimanjaro ndipo ukaenea milima mingine.

Kwa kulinganisha kama huko, mimi nasema roho ya kielelezo ni lebo. Ua likikauka rangi hufifia, na harufu hupotea. Tena senesio nzima haikandamiziki kati ya magazeti (ajaribu mwenye nguvu!): unachukua jani, kipande cha kikonyo chenye maua, basi. Kimo cha mti, mwinuko, hali ya udongo, mahali na tarehe usipoviandika papo hapo, umebeba majani makavu tu.

Nawe ukipanda Kilimanjaro au Mlima Kenya, usichume kitu. Hifadhini ni marufuku. Piga picha ya mmea mzima, kisha jani na ua kwa karibu, uandike mwinuko na tarehe. Picha za namna hiyo wapelekee wataalamu wa mimea wa Nairobi au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.