Haki Haina Kwao

Iraq ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikutana siku hiyo hiyo. Haikutimia miezi saba, majeshi yaliyoongozwa na Marekani yakawa yameikomboa nchi hiyo yenye utajiri wa mafuta.

Aprili 1994 Watutsi wa Rwanda walianza kuchinjwa. Tarehe 21 ya mwezi huo, Baraza lile lile likaamua kupunguza askari wake wa kulinda amani, kutoka takriban 2,500 hadi 270. Serikali ya Marekani ikalikwepa neno lenyewe, mauaji ya kimbari, ikichelea kulazimika kuchukua hatua. Maiti zikabebwa na mto Kagera hadi Ziwa Viktoria, hapa kwetu.

Kuwalaumu wakubwa ni kwepesi. Je, sisi? Mwaka 2003 vita vilipowaka Darfur, Waislamu wakiuawa na Waislamu wenzao, dua zetu za Ijumaa ziliwataja mara ngapi? Twawalilia wanaodhulumiwa na wageni, twawanyamazia wanaodhulumiwa na ndugu zetu. Mizani ni ile ile, ila yetu ni ndogo.

Mtume (s.a.w.) alitufunza kwamba kumsaidia ndugu aliye dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Basi tuanzie majumbani: mwanao akimwonea mtoto wa jirani, usimtetee kwa kuwa ni wako. Hapo ndipo haki hufundishwa, kabla ya kudaiwa New York.