Mbwa Koko Si Mtoto wa Bweha

Soko la samaki la Bagamoyo halikosi mbwa koko: mwili mwembamba, rangi ya udongo, macho kwenye matumbo ya samaki. Jioni akibahatika hupata ukoko wa ugali. Ukimtazama ni rahisi kuamini kuwa babu yake ni bweha wa vichaka vya Saadani, au yule mbwa mwitu mwenye mabaka wa Hifadhi ya Nyerere.

Vinasaba vinakataa. Mbwa wote wa kufugwa, kuanzia huyu wa sokoni hadi vijibwa vya kubebwa mkobani, wametokana na mbwa mwitu wa kijivu, mnyama wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini ambaye hakuwahi kukanyaga pwani hii. Uchambuzi wa mabaki ya mbwa wa kale, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa mbwa wa Afrika wana nasaba moja na mbwa walioishi Mashariki ya Kati maelfu ya miaka iliyopita. Alikuja na watu, basi, kama mbuzi.

Mbwa na mbwa mwitu wa kijivu wana kromosomu 78 kila mmoja. Huzaliana, na watoto wao nao huzaa. Mengi tunayodhani yameletwa na ufugaji yalikuwamo tayari porini. Chukua udogo wa mwili. Mwaka 2022 watafiti walieleza kuwa badiliko la jeni linalochangia udogo wa mbwa lilikuwamo kwa mbwa mwitu aliyeishi Siberia miaka 54,000 iliyopita. Mfugaji hakuliumba, alilichagua tu. Wala njia si ya upande mmoja: baadhi ya mbwa mwitu wa Amerika Kaskazini wameupata weusi wa manyoya yao kwa mbwa.

Penye tofauti kubwa ni tumboni. Jeni ya kimeng'enya kinachosaga wanga kwa kawaida ina nakala 2 kwa mbwa mwitu. Kwa mbwa, utafiti wa 2013 ulikuta nakala 4 hadi 30, na mbwa wa jamii za wakulima huwa nazo nyingi zaidi. Wanaodai eti tumbo la mbwa halijui ugali wamsemee mbwa mwitu.

Ukimtafutia ndugu wa karibu humu nchini, usiende Saadani, nenda Serengeti. Yule aliyezoeleka kuitwa bweha wa dhahabu alipimwa vinasaba, na mwaka 2015 ikabainika kuwa ni spishi ya peke yake, iliyo karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kuliko walivyo bweha wengine wa Afrika.