Kisu cha Kukunja cha Bei Nafuu: Je, Kinastahili Mfuko wa Askari?

Sokoni Kashikishi, hatua chache kutoka ufukoni mwa Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, tuliikuta meza ya mchuuzi mmoja iliyopangwa kwa namna ya kumvutia kila mwanamume mwenye suruali ya mifuko. Palikuwa na kurunzi, betri, ndoana, nyuzi za nailoni na viberiti vya gesi, na katikati ya vitu hivyo visu vya kukunja vipatavyo arobaini, vingine vyekundu, vingine vyeusi, vingine vyenye mipini ya mabaka-mabaka mfano wa sare za vita. Bei ya kimoja ilikuwa chini ya bei ya perege mmoja mkubwa, samaki ambaye wenyeji wa huko humwita pale. Askari vijana wawili tuliofuatana nao walisimama wakaanza kuchagua. Mmoja wao akageuka, akatuuliza: "Afande, vitu hivi vinafaa kweli, au ni kutupa fedha?"

Swali hilo ni dogo kwa sura. Hata hivyo hatukulijibu papo hapo, kwa sababu siku mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeona kwa macho yetu kisu cha namna ile kikifanya kazi, na mwenye kisu tulikuwa tumemwacha hospitalini.

Ilikuwa mwezi wa Machi, mara baada ya kufunguliwa kwa uvuvi, ambao nchini Zambia hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Tuliondoka Nchelenge asubuhi kwa boti ya mashine kuelekea kisiwa cha Kilwa. (Msomaji wa pwani asichanganyikiwe: hii si Kilwa Kisiwani ya mkoa wa Lindi. Ni kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Mweru, na ng'ambo, upande wa Kongo, upo pia mji uitwao Kilwa.) Tulipoanza safari ziwa lilikuwa shwari. Lakini Mweru lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 5,100, na upepo ukilishukia haubishi hodi. Tulipokuwa katikati ya maji rafadha ilinasa wavu uliotelekezwa, mashine ikazimika, boti ikageuka na kuyapa mawimbi ubavu.

Askari mmoja aliyekuwa karibu na tezi aliinama, akachomoa kisu kipya mfukoni mwake, akaanza kukata. Nyuzi za nailoni zilikuwa zimejisokota pamoja zikawa gumba moja gumu mithili ya mpira. Makali yakateleza juu yake. Kijana akafanya lile ambalo wengi wetu tungelifanya: akachoma kwa ncha na kusukuma kwa nguvu. Bapa likajikunja na kurudi mpinini, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, kile cha kufyatulia risasi, kilikuwa njiani. Kazi ilimalizwa na nahodha wetu, mvuvi mtu mzima, kwa kisu kifupi kisichokunjika, chenye mpini wa mti na bapa lililochongwa kutokana na msumeno mkuukuu. Alikata wavu wote kwa muda wa dakika chache, akakifuta kisu kwa shati lake, akakirudisha chini ya ubao alioukalia.

Tumekisimulia kisa hiki si kwa kusudi la kulaani kila kisu cha bei ndogo. Kosa lilikuwa la kisu na la matumizi pia, na ni vema mambo hayo mawili yatenganishwe.

Visu vya kukunja ni vya namna mbili. Namna ya kwanza hushikiliwa wazi na springi iliyolala mgongoni mwa mpini, basi. Ukilisukuma bapa kwa upande wa mgongo, hujikunja. Hivyo ndivyo kilivyokusudiwa. Kisu cha namna hiyo ni cha kukatia kwa kuvuta kuelekea upande wa makali, wala si cha kuchomea. Namna ya pili huwa na kizuizi cha chuma kinachoingia penye pengo na kulikataza bapa lisirudi mpaka ukiondoe wewe mwenyewe. Hatari kubwa kabisa imo katika kisu cha bei nafuu kinachojidai kuwa cha namna ya pili na kumbe ni cha kwanza. Kizuizi kimo, lakini ni kibati chembamba kinachoshika ukingo tu wa bapa. Anayekitumia hukiamini, naye angelijihadhari zaidi kama kizuizi kisingekuwapo kabisa.

Wala haifai kudhani kuwa bei ndogo na kazi mbovu ni mapacha. Mfano uliomo barani mwetu ni kisu cha Okapi, ambacho wazee wengi wamekiona: mpini wa mti uliopambwa kwa nyota na mwezi wa madini, na pete ndogo mgongoni ambayo ukiivuta bapa hufunguka kizuizini. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya nchi hiyo barani Afrika, na kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Ituri ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemwandika vitabuni mwaka mmoja tu kabla, yaani 1901. Tangu mwaka 1988 kimekuwa kikitengenezwa Afrika Kusini. Tangu mwanzo kimekuwa kisu cha mtu wa kipato kidogo: bapa la chuma cha kaboni kisicho na nakshi, mti, ribiti, springi. Askari polisi watatukumbusha, na ni haki yao, kwamba kisu hicho kilijipatia sifa mbaya pia, mikononi mwa wahuni wa Afrika Kusini na hata wa Jamaika.

Kisu cha mfukoni cha askari nacho kina asili nyenyekevu kuliko wengi wanavyodhani. Jeshi la Uswisi lilipoanza kuwapa askari wake bunduki ya mfano wa mwaka 1889, ilitakiwa bisibisi ya kuifungulia, tena askari alihitaji chombo cha kufungulia makopo ya chakula. Ndipo kikaamuliwa kisu kimoja chenye bapa, bisibisi, kifungulio cha makopo na msumari wa kutobolea. Vya kwanza viliagizwa kutoka Solingen, Ujerumani, na mwaka 1891 fundi Karl Elsener akaanza kuvitengeneza nyumbani Uswisi. Kile chekundu chembamba kinachojulikana dunia nzima kilifuata mwaka 1897 kama kisu cha maofisa, lakini jeshi halikukigawa: ofisa aliyekitaka alijinunulia kwa fedha yake. Basi kijana wetu wa Kashikishi, alipoushika mfuko wake mbele ya meza ile, hakuwa wa kwanza.

Tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapo ndipo bei inapojulikana. Visu vingi rahisi vya siku hizi vina bapa la chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, chenye kromiamu kiasi cha asilimia 13 na kaboni kidogo, asilimia 0.3 hivi. Chuma hicho ni laini, na makali yake huisha upesi. Watu husema basi hakifai, nasi hatukubaliani nao moja kwa moja. Chuma laini hunoleka upesi vilevile. Jiwe lolote laini la mtoni, matone ya maji na dakika tano zinatosha kuyarejesha makali, ilhali bapa gumu la bei kubwa likiisha makali porini litakusumbua mpaka urudi kambini kwenye kinoo kizuri. Chuma cha kaboni hukaa na makali zaidi, ila hushika kutu, hasa pwani na ziwani. Ukikatia embe au ndimu hubadilika rangi kikawa cha kijivu; hiyo si kasoro. Kasoro ni ule wekundu. Kifute, kikaushe, kipake mafuta kidogo penye ribiti. Mafuta ya bunduki yanafaa hapo, lakini usiyapake kwenye bapa utakalokatia mkate. Na mafuta ya kupikia, yakikaa muda mrefu, huganda yakawa gundi.

Kuhusu samaki, ufuko wa Mweru wenyewe ndio uliotupa jawabu. Akina mama tuliowakuta wakipasua na kutoa matumbo ya samaki wa kukaushwa, hata mmoja hakuwa na kisu cha kukunja. Wote walikuwa na visu vifupi vya mpini wa mti. Tulipomwonyesha mama mmoja kisu tulichokuwa nacho, akatujibu kwa Kiswahili cha upande wa Kongo: "Ile kisu haiko ya samaki, baba." Alikuwa na haki. Magamba na utelezi huingia kwenye maungio, hukauka humo, huoza, na springi hushika kutu mahali ambapo kitambaa hakifiki. Atakayesafisha kitoweo kila siku anunue kisu cha jikoni, nacho kitamgharimu kidogo kuliko hata kile cha kukunja.

Kwa askari wa usalama barabarani jambo ni zito zaidi. Mkanda wa gari lililopinduka hukatwa upesi na makali ya meno-meno, na kisu cha mkono mmoja ni neema pale ambapo mkono wa pili umemshikilia majeruhi. Kwa kazi hiyo hatushauri kisu cha meza ya sokoni. Tukiongeza neno kwa wapelelezi: anapokutwa mtu amejinyonga, kamba na ikatwe mbali na fundo, fundo libaki kama lilivyo, kwani ni ushahidi. Na katika upekuzi, kisu kilichokunjwa ni kidogo kuliko kiganja. Hukaa ndani ya soksi au chini ya mshipi na kumpita mkaguzi mwenye haraka.

Tulirudi mezani kwa mchuuzi tukawaonyesha vijana jinsi ya kuchagua. Fungua kisu, shika bapa kwa vidole viwili, litikise kulia na kushoto. Likicheza sasa, baada ya mwezi litalegea kabisa. Lifunge, utazame kama ncha imezama yote ndani ya mpini, la sivyo itakutoboa mfuko na paja. Ikiwa kina kizuizi, kifungue, kishike kwa viganja bila kuweka kidole mbele ya mpini, ugonge mgongo wa bapa polepole juu ya ukingo wa meza. Vinne kati ya sita tulivyogonga vilijikunja. Mchuuzi hakufurahi, lakini hakutufukuza. Mwisho, tazama ribiti: iliyogongwa vizuri hujaa tunduni, iliyobandikwa kwa ajili ya urembo huonyesha mwanya. Vile vyenye vifaa kumi na viwili, pamoja na uma na kijiko, tuliviweka kando bila kuvijaribu. Fedha ile ile iliyonunulia bapa moja jema haiwezi kununua vifaa kumi na viwili vyema.

Tuliwaambia vijana wanunue, kwa sharti kwamba kisu kile kitakuwa cha kukatia kamba, kufungulia mfuko wa unga, kumenya chungwa na kuchongea kigingi cha hema, na hakitachoma kitu chochote. Kila mmoja alichagua cha springi, kisicho na kizuizi, chenye bapa moja. Sisi tulinunua kimoja pia, tena baadaye kwa fundi wa jirani tukanunua kisu cha mpini wa mti pamoja na ala ya ngozi, kikae ndani ya boti siku zote.

Yule kijana alishonwa nyuzi sita. Daktari alituambia kwamba kano imeguswa. Katika barua yake ya mwisho kutoka kambini alitueleza kwamba kidole sasa kinajikunja hadi nusu, kwamba anajifunza kulenga shabaha kwa mkono wa kushoto, na kwamba kile kisu bado anacho. Amekifunga waya, bapa lisifunguke, na watoto wake hukitumia kugandamizia karatasi.